Kaniki ya Maganda ya Kahawa

Mama mkwe wangu alisema Kimeru, mimi nilisema Kichaga, na lugha hizo mbili zinakaribiana kiasi kwamba tungeelewana kama angetaka. Hakutaka. Tangu siku niliyoingia kwake alinisemesha Kiswahili, lugha aliyofundishwa utotoni na wamisionari, akaitumia kama mtu anavyotumia fimbo kumsogezea mbwa chakula. Nilipomwamkia "Shikamoo, Mama," aliitikia "Marahaba" akiwa tayari ameshanipa mgongo. Mbele za watu aliniita "huyu wa Uchagani." Tukiwa wawili hakuniita chochote.

Nyumba yake ilikuwa juu ya Makumira, kwenye mteremko wa Meru, mahali ambapo ukungu hung'ang'ania migomba hadi jua likaribie utosi. Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Tulikutana Moshi alipokwenda kujenga, akanioa bila kumwomba mama yake ruhusa ipasavyo, na kosa hilo likahesabiwa kuwa langu. Hatukuwa tumekaa hata mavuno mawili pamoja, vita vikaja, Waingereza wakamchukua jeshini wakampeleka mbali, kwenye nchi ya Waasia yenye misitu na mvua. Mimi nikabaki na mama yake, mjane, mwenye migomba, ng'ombe wawili wa ndani na kahawa.

Kahawa yetu tuliimenya wenyewe. Kando ya mfereji palikuwa na mashine ya mkono ambayo baba mkwe aliiacha. Unamwaga kahawa mbivu juu, unazungusha gurudumu, punje zinatoka mbele zikiwa na utelezi wake na maganda yanatoka nyuma, mekundu, yenye majimaji matamu. Siku ya kwanza maganda hayo yanapendeza. Siku ya pili yanachacha. Baada ya hapo yananuka kama pombe iliyomwagwa kwenye zizi, na nzi hawatoki. Kuyazoa na kuyabeba mpaka shimoni ilikuwa kazi yangu, kwa sababu ilikuwa kazi mbaya kuliko zote. Msimu mzima viganja vyangu vilikuwa vya kahawia na kucha zilikuwa nyeusi pembeni. Nilisugua kwa majivu, nikasugua kwa mchanga wa mfereji, havikutakata.

Rangi isiyotoka mikononi ndiyo iliyonitia wazo.

Wakati ule nguo zilikuwa shida. Mwanamke wa mlimani alihitaji kaniki, nguo nyeusi isiyoonyesha uchafu, ya kuvaa shambani na msibani. Nilishuka kwa miguu mpaka Arusha mjini, nikaenda kwa Mhindi aliyekuwa na duka la nguo karibu na soko. Rafu zake zilikuwa tupu, isipokuwa mafungu ya marekani, ile pamba nyeupe ngumu.

"Kaniki hakuna, mama," alisema bila kuinua macho. "Hata rangi ya kuchovya hakuna. Meli zinabeba askari. Ukitaka, chukua marekani. Hutaki, acha."

Nikachukua marekani. Nguo nyeupe kwa mtu anayezoa maganda ya kahawa ni kama kuchekwa. Basi nikaamua kwamba kama maganda yatanichafua, yanichafue sawasawa.

Nilichukua maganda mabichi ya siku hiyo, nikayachemsha kwenye sufuria kuukuu mpaka maji yakawa ya rangi ya chai kali. Nikakamua limau humo, maji yakageuka mekundu, mekundu ya kupendeza kama kahawa yenyewe ikiwa bado mtini. Nikachovya marekani yangu, nikailaza humo, nikaianika kivulini. Mama mkwe alipita, akaitazama sufuria, akaitazama nguo.

"Hiyo sufuria utapikia nini tena?" aliuliza.

"Nitaisugua, Mama."

"Utaisugua." Akaenda zake.

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu yanathibitisha kwamba aliona. Aliiona sufuria, aliyaona maganda, aliiona nguo ikidondosha maji mekundu kwenye majani. Usilisahau jambo hilo, wewe unayesoma, maana yeye alilisahau upesi.

Jumapili niliivaa kwenda kanisani. Nilijiona nimependeza, na nadhani nilikuwa nimependeza kweli, kwa kuwa kulikuwa na wanawake waliogeuka njiani kunitazama. Kabla hatujafika mvua ya vuli ilitushika mahali pasipo na kibanda. Tuliingia kanisani tumelowa chapachapa, tukakaa upande wa wanawake. Mchungaji akatangaza wimbo. Tukasimama.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu aliacha kuimba. Halafu jirani yake naye akaacha. Nikatazama chini. Rangi ilikuwa imeyeyuka kwa mvua, inateremka miguuni mwangu, michirizi myekundu kutoka magotini mpaka vifundoni, na chini sakafuni palikuwa na kidimbwi. Mume wangu alikuwa ameondoka zaidi ya mwaka.

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa kando yangu, bega kwa bega. Aliitazama miguu yangu vizuri, bila haraka, kisha akainua uso kuelekea madhabahuni akaendelea kuimba ubeti wa tatu.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Mke wa askari alikuwa na mimba ya mtu, Mungu ameitoa hadharani, kanisani. Baada ya wiki moja hivi wazee wa kanisa waliniita. Nilikaa kwenye kigoda, wao kwenye benchi, na mama mkwe kwenye kiti pembeni.

"Mume wako yuko wapi?" mzee mmoja aliuliza, ingawa alijua.

"Vitani."

"Basi damu ile ilikuwa ya nini?"

"Haikuwa damu, baba. Ilikuwa rangi ya maganda ya kahawa. Nilichovya nguo."

Wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo puani. Hakuna mtu aliyewahi kusikia nguo kuchovywa kwenye maganda, uchafu tunaoutupa shimoni. Nilisema naweza kuwaonyesha, niletewe sufuria. Yule aliyecheka akasema kila mtu anaweza kutengeneza maji mekundu akishajua atakachoulizwa. Ndipo wakamgeukia mama mkwe.

"Mama, unaishi na huyu. Unajua lolote kuhusu rangi hiyo?"

Alinyoosha khanga yake mapajani. "Mimi ni mtu mzima," alisema. "Siangalii miguu ya wake za watu."

Maneno hayo yalitosha. Nilitengwa na meza ya Bwana, nikahamishiwa benchi la nyuma pamoja na mlevi mmoja na msichana aliyezaa kabla ya ndoa. Njiani kurudi nilimwambia, "Mama, sufuria uliiona."

"Niliona sufuria chafu," alijibu.

Tangu hapo sikumwamkia. Asubuhi nilitoka, nikamkuta kwa ng'ombe, nikampita. Mtu wa mlimani anajua ukubwa wa jambo hilo. Yeye naye hakunidai salamu. Tulipika kwenye moto mmoja, tukala loshoro, mahindi ya maziwa mgando, kutoka chungu kimoja, wala hatukusemezana isipokuwa kuhusu ng'ombe.

Nilikuwa na nia moja tu, nayo haikuwa nzuri: kutengeneza nguo ambayo rangi yake haitoki, niivae mvuani, nisimame mbele ya wale wazee mpaka waone aibu. Nilijaribu majivu, rangi ikawa ya matope. Nilinunua magadi kwa akina mama wa Kimaasai sokoni, wale wanaotoka upande wa Kisongo. Magadi yaligeuza maji kuwa kijani cheusi kama majani yaliyooza, na nguo ikifuliwa ilirudi karibu nyeupe, yenye madoa. Nilijaribu chumvi. Nilijaribu kuyakausha maganda kwanza darini juu ya moto, na hapo niliona tofauti: yaliyokauka upesi yalitoa maji mazito zaidi kuliko yaliyochacha. Lakini bado rangi ilitoka.

Siku niliyofanikiwa sikuwa nikijaribu kitu. Nilikuwa nimekasirika. Nilishuka kwenye bonde chini ya shamba letu, mahali penye kinamasi ambapo maji husimama na juu yake huelea utando kama wa mafuta, na tope lake ni jeusi linalonuka chuma. Nguo niliyoichovya ilikuwa imeharibika kwa mara nyingine, nikaikunja nikaitupa humo topeni, nikaikanyaga. Nilipokwisha kuikanyaga nikakumbuka kwamba marekani haipatikani bure, nikaichota nikaenda kuisuuza mfereji wa chini. Tope lilitoka. Mahali lilipogusa, nguo ilikuwa nyeusi. Nikasugua kwa jiwe. Nyeusi ikabaki.

Nikajua hapo hapo. Kuna kitu ndani ya ganda na kuna kitu ndani ya tope, na vikikutana vinashikana. Sikujua vinaitwaje, na mpaka leo sijajali. Nilirudi nikachemsha maganda makavu, nikalaza nguo humo siku nzima, nikaipaka tope la kinamasi, nikaiacha, nikaisuuza, nikairudisha kwenye maji ya maganda, nikaipaka tena. Mwishoni nilikuwa na kaniki. Haikung'aa kama ya dukani. Ilikuwa nyeusi ya moshi, nyeusi iliyotulia. Niliifua mpaka mikono ikauma, na maji yalikuwa meupe.

Niliivaa kanisani siku ya mvua. Nilisimama nje makusudi mpaka nikalowa kabisa, kisha nikaingia nikaketi kwenye benchi langu la waliotengwa. Hakuna tone lililodondoka. Wazee waliniona. Wakafungua vitabu vyao vya nyimbo. Nilikuwa nimedhani kwamba ukweli ukionekana watu watainuka, na kumbe watu huangalia pembeni tu.

Wanawake ndio waliokuja, lakini hawakuja kwa mlango. Walipita nyuma, katikati ya migomba, na marekani zao chini ya kwapa. Mmoja wao alikuwa yule aliyeacha kuimba nyuma yangu. "Nasikia unajua kuweka weusi," alisema, macho yake kwenye kuku. Nikapokea nguo yake. Sikumkaribisha chai, sikumwambia akae. Nilimwambia siku ya kurudi, basi. Nilifanya hivyo kwa wote. Walinipa maharage, ndizi, wakati mwingine kipande cha sabuni, nami nilivipokea kama mtu anavyopokea faini.

Katika miezi hiyo ndipo lilipotokea jambo la samli.

Mama mkwe alikuwa akimwekea mwanawe samli. Kila alipopata maziwa ya kutosha alisukasuka, akayeyusha siagi, akaihifadhi samli chunguni darini, ili mwanawe akirudi ajue mama yake hakumsahau. Mwaka ule joto lilifuata mvua, na chungu kilipofunuliwa, samli ilikuwa imevunda. Ukiilamba, ukakasi unakushika kooni. Alisema nimeitazama kwa jicho baya. Alilisema hilo kwa jirani, kwa sauti ya kunifikia.

Ila mimi nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Katika vyombo vyangu mwenyewe nilikuwa na samli kidogo niliyopewa na mwanamke mmoja kwa kuchovyewa nguo, na nilikuwa nimeiyeyusha kwenye chungu nilichohifadhia unga wa maganda makavu bila kukiosha vizuri. Ilikuwa na rangi ya kahawia kidogo. Ilikuwa ya zamani kuliko ile ya mama mkwe, na ilikuwa tamu kama ya jana. Nilirudia kwa makusudi: nikayeyusha samli, nikatia maganda makavu yaliyosagwa, nikaiacha ipate moto taratibu, nikaichuja kwa kitambaa. Nyingine nikaiweka bila maganda. Isiyo na maganda ilivunda. Ile nyingine haikuvunda.

Mara iliyofuata alipoyeyusha siagi yake, nilikuwa nimekaa upande wa pili wa moto. Nilichukua konzi ya unga wa maganda nikaimwaga chunguni mwake mbele ya macho yake.

Alishika mkono wangu. "Unaniwekea nini?"

"Kinachozuia kuvunda."

"Ukimuua mwanangu nitakuzika hai."

"Nikitaka kumuua nitamngoja arudi kwanza," nilisema.

Aliuachia mkono wangu. Hakuimwaga ile samli, maana siagi ilikuwa nyingi mno kuimwaga. Akaichuja yeye mwenyewe, akaifunika, na miezi ikapita. Alipofunua tena nilimwona ananusa, anatia kidole, analamba. Kisha akafunika akashuka ngazi. Hakusema asante, na hakurudia habari ya jicho baya.

Maganda yetu hayakutosha tena. Chini yetu, kuelekea Usa River, kulikuwa na shamba la Mzungu lenye kiwanda cha kumenya kahawa kwa mashine ya maji, na nyuma ya kiwanda palikuwa na kilima cha maganda kinachooza. Nyapara alikuwa akilalamika kwa harufu na nzi. Nilipomwomba nibebe, alisema, "Beba yote, mama, na Mungu akubariki." Nilibeba. Wanawake wengine walipojua, wakabeba nao, kwa kuwa siri ya maganda ilikuwa imetoka ingawa ya tope haikuwa imetoka. Kilima kilipungua.

Halafu mke wa yule Mzungu aliona kaniki kwa mpishi wake, akauliza imetoka wapi wakati madukani hakuna, akaambiwa. Sijui walizungumza nini mezani. Ninachojua ni kwamba nilipofika mara iliyofuata palikuwa na askari wa shamba mwenye rungu, na nyapara yule yule aliniambia nirudi.

"Maganda ya bwana hayatoki," alisema. Alionekana kuona haya.

"Atayafanyia nini?"

"Hayatoki tu."

Hakuyafanyia kitu. Yaliozea pale pale, mvua ikanyesha juu yake, maji yake mekundu yakaingia mtoni mpaka ng'ombe wa watu wa chini wakakataa kunywa. Niliyaona yanaharibika siku baada ya siku na moyo wangu ukaona uchungu ambao sikuutegemea kwa ajili ya takataka. Siku moja, jua likiwa wazi, nilipita kwenye ua wa migunga nikajaza tenga langu. Sikujificha. Askari alinikamata kabla sijalitwika, akanisukuma nikaanguka juu ya maganda, akaniburuta hivyo hivyo, nimejaa uozo kifuani, mpaka kwenye baraza la wazee waliowekwa na mangi, chifu wa mlima.

Niliwekwa chini ya mti wa kivuli mbele ya baraza, tenga langu kando kama ushahidi. Karani wa shamba alikuja kumsemea bwana wake: mwanamke huyu ameiba. Watu walijaa. Mzee mkuu wa baraza aliagiza mtu wa kwetu aitwe, na kwa kuwa mume wangu hakuwapo, akaja mama mkwe. Mzee mmoja wa kanisa, yule aliyecheka puani, alikuwa miongoni mwa wazee wa baraza. Nilipomwona mama mkwe anapanda ile njia na fimbo yake, nilijiambia kwamba leo ndiyo siku yake. Nilidhani atasema maneno machache kama ya mara ile, nami nitafungwa.

"Mama," mzee mkuu alisema, "mkweo huyu amekamatwa na maganda ya bwana shamba."

"Nimeona," alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma."

Karani akaacha kuandika.

"Na kazi hiyo ya kuchovya nguo," akaendelea, "ni mimi niliyemfundisha. Ni kazi ya bibi zangu. Alianza na ile nguo nyekundu, ikamshinda, ikamtoka mvuani. Nikamwonyesha tena mpaka akaweza. Kwao Uchagani hawajui kitu."

Mzee wa kanisa aliinua kichwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinua changu.

"Mnasema maganda ya bwana," alisema mama mkwe. Sauti yake haikupanda. "Kahawa ile imepandwa mahali ilipokuwa migomba ya baba yangu. Mimi nimezaliwa pale kilipo kiwanda. Walikuja wakasema ardhi ni yao, tukahama na watoto mgongoni. Kahawa wameichukua. Sasa na ganda wanalotupa ni lao pia? Basi andika hivyo, karani. Andika jina la baba yangu kwanza, halafu andika la bwana wako, halafu mzee huyu aseme nani kamwibia nani."

Kila mtu pale alikuwa na baba au babu aliyesukumwa kutoka mahali fulani, na mzee mkuu alijua kwamba akilifungua jambo hilo mbele ya karani, halitafungika jioni hiyo. Akakohoa. Akasema mwanamke mzee ametuma, mtoto ametii, maganda ni takataka, yarudishwe, na mtu asiingie tena shambani kwa bwana. Karani akabishana kidogo, kisha akatazama watu walivyosimama, akakunja karatasi yake.

Tulirudi tukipanda mlima, yeye mbele, mimi nyuma, kifua changu kikinuka.

"Kumbe ulijua ni rangi," nilisema. "Umesema mbele ya watu. Ulijua tangu mwanzo. Kwa nini hukusema kanisani?"

Hakugeuka. "Kanisani hawakuuliza habari za shamba la baba yangu."

"Uliwaacha waniite malaya."

"Nenda ukaoge," alisema. "Unanuka."

Baada ya hapo wazee wa kanisa walinirudisha mezani. Hawakuniomba radhi. Mchungaji alinitangaza kati ya matangazo mengine, baada ya habari ya kufagia uwanja, nami nikatoka benchi la nyuma nikapiga magoti mbele kama watu wengine.

Lakini uongo ule haukuishia barazani. Sasa wanawake walikuja kwa mlango wa mbele, na hawakuja kwangu. Walikwenda kwa mama mkwe. Alikaa kwenye kigoda chake nje, anapokea marekani, anazigusa kwa vidole, anasema, "Hii nzito, itataka kulala," maneno aliyoyasikia kutoka kwangu, kisha ananiita, "Wewe, chukua." Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na debe la kuchemshia, mikono topeni. Aliulizwa mambo na akayajibu. Alisema bibi yake alichovya ngozi za mbuzi hivyo hivyo. Alisema samli ya Wameru haijawahi kuvunda. Siku moja nilitoka na mikono myeusi mpaka viwiko nikasema mbele ya wageni wake, "Mama, waambie tope linatoka wapi."

"Linatoka chini," alisema, na wageni wakacheka, wakidhani ni utani wetu.

Nilifikiri kuacha. Ningeacha, asingeweza kutoa hata kipande kimoja. Lakini sikuwa na kitu kingine pale mlimani kilichokuwa changu, hata kama kwa jina kilikuwa chake, na kwa hiyo niliendelea.

Mume wangu alirudi vita vilipokwisha. Alikuwa amekonda, anaamka kwa kushtuka, ana kovu sikioni. Mama yake alimpikia ndizi, akashusha kile chungu darini, akamtilia samli mpaka ikaelea. Alikula. Kisha akasema, "Mama, samli hii haina hata harufu. Kule tulikula mafuta yaliyovunda mpaka tukasahau ladha."

"Ni dawa ya bibi yangu," alisema mama mkwe.

Usiku nilimweleza kila kitu: mvua, kanisa, benchi, tope, baraza. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mwema, nasema hivyo bila kejeli. "Mwache mama," alisema. "Alikutetea mbele ya Mzungu. Wangapi wangefanya hivyo?"

"Alinitetea kwa kuniibia."

"Mwache," alirudia, na alikuwa amechoka mno, nami nikazima taa.

Meli zikarudi kubeba nguo. Nilipeleka kaniki zangu mjini kwa yule Mhindi, ambaye mwishoni mwa vita alikuwa akizitaka mwenyewe, akanionyesha rafu iliyojaa kaniki za Bara Hindi, nyororo, nyeusi ya kung'aa. "Hizi zako peleka nyumbani, mama," alisema. Nilimwambia wakati wa shida alizichukua kwa mikono miwili. Akakubali kwamba ndivyo, akaendelea kupima kitambaa cha mteja mwingine. Wanawake wa mlimani nao wakaacha kuja. Debe langu likatoboka kwa kutu. Nilichoendelea nacho ni samli tu, kwa sababu watoto walikuwa wameanza kuja na samli iliyovunda ni hasara.

Mama mkwe aliugua miaka kadhaa baadaye, miguu ikavimba. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimlisha. Hatukuwa tumeongea kwa wema hata siku moja na hatukuanza wakati huo. Alipokataa kila chakula, aliitaka samli. Nikampa kwa kijiko, akailamba taratibu, macho yamefumba. Walipokuja watu wa kanisa kumwombea, aliwaambia kwa Kimeru, akidhani sisikii, kwamba huyu wa Uchagani alikuja hapa bila kujua hata kuosha chungu, na kila anachokijua alimfundisha yeye. Nadhani kufikia wakati ule aliamini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli. Nilisema, kwa Kimeru, "Si kweli." Watu wa kanisa wakatazama mikono yao. Yeye akafumbua macho akanitazama, mara ya kwanza kwa muda mrefu, akasema, kwa Kiswahili, "Funga mlango, baridi."

Tulimzika kando ya migomba, juu ya mfereji. Yule mzee wa kanisa aliyenicheka ndiye aliyesoma wasifu. Alisema marehemu alikuwa mama aliyetuvika wakati wa vita, aliyegeuza takataka kuwa nguo, aliyesimama mbele ya Mzungu. Wanawake waliitikia kwa wimbo, na baadhi yao walikuwa wamevaa kaniki nilizozitia weusi kwa mikono hii. Mume wangu na dada zake walioolewa walitupa udongo, kisha ikawa zamu yangu. Nilichota konzi iliyojaa, nikaitupa kwa nguvu kuliko inavyostahili, ikagonga ubao wa jeneza kwa kishindo. Mume wangu alinigeukia. Nilimtazama mpaka akaangalia kwingine, nikapangusa mkono kwenye nguo yangu nikaenda kuwapikia waombolezaji.